Mama Pasi aliogopa moshi, mkaa mwekundu ukamgeuka

Mvua haijaanguka bado, lakini Mama Pasi ameshaisikia kwenye goti la kushoto. Anainua kifuniko cha pasi yake ya mkaa, anapuliza mara moja, anakifunga, kisha anaipitisha juu ya kola ya shati jeupe taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

Kibanda chake kina nguzo nne na mabati juu. Ukuta hakuna hata mmoja. Upepo unaingia upande huu na kutokea ule, unachukua majivu, unachukua joto la pasi, na siku nyingine unachukua soksi za wateja hadi mtaroni.

"Mama Pasi, ingiza meza ndani, inakuja hiyo!" anapaza sauti fundi viatu, jirani yake wa chumba cha pili, ambaye ameshaanza kukusanya ndala zake.

"Ingia wewe na viatu vyako. Mimi na moto wangu tunabaki nje."

"Utalowa!"

"Nguo iliyolowa inakauka, Fundi."

Fundi anatikisa kichwa na kubeba ndala zake. Anajua sentensi hiyo inakoelekea.

Matone ya kwanza yanagonga bati. Mama Pasi anafunika mashati kwa nailoni, anasogeza meza katikati, anakaa juu ya ndoo aliyoipindua, pasi iko miguuni. Mlango wa chumba chake uko hapo nyuma, karibu kiasi cha kuugusa kwa ufagio. Ndani ni pakavu. Lakini tangu masika yaliyopita hakuna kaa la moto hata moja lililovuka kizingiti kile, na mtaa mzima unaona mama wa watu amechanganyikiwa.

Hajachanganyikiwa. Ameumwa na nyoka, sasa akiona ung'ong'o anashtuka.

Mama huyu amepita hamsini kidogo. Jina lake halisi wengi wameshalisahau, maana pasi imemkaa mkononi tangu alipofiwa na mumewe na kubaki na mtoto mmoja wa kike wa kumlea. Pasi yenyewe ni ya chuma kizito, ina jogoo mdogo wa chuma kwenye kifuniko, na jogoo huyo amekatika kichwa. "Tumezeeka pamoja," husema, "ila mwenzangu bado ana makali."

Umeme upo kwenye nyumba anayopanga, lakini mwenye nyumba amekataza pasi za umeme. Anasema zinakunywa umeme kama ngamia. Basi mkaa ndio umekuwa ajira, ndio umekuwa mume. Siku nzuri hunyoosha nguo kama arobaini. Mvua zikianza hazifiki kumi na tano, na kinachopatikana ni cha kodi, chakula na mkaa wa kesho. Kikibaki kidogo, hununua salio la simu.

Ukitaka kuelewa kilichompata, elewa kwanza alivyofundishwa kazi.

Mkaa uliowashwa sasa hivi hutoa moshi. Ukiutia kwenye pasi mapema, moshi unachungulia kwenye vitundu vya ubavuni na kola nyeupe inageuka rangi ya chai. Mteja atakutukana, na ana haki. Kwa hiyo anayenyoosha kwa mkaa huwasha jiko lake nje, akangoja. Moshi ukiisha, kaa likiwa jekundu pande zote, hapo ndipo analichukua kwa koleo na kulitia tumboni mwa pasi.

"Nilijua hivyo toka nikiwa msichana," anasema. "Moshi ni adui, mkaa mwekundu ni rafiki. Na ukiona moto wa buluu unachezacheza juu yake, basi mkaa huo ni wa daraja la kwanza. Nilikuwa naupenda moto ule. Mzuri kama kitambaa cha hariri."

Yaani miaka yote hiyo mama wa watu alikuwa akiupima mkaa kwa macho ya shati. Kisichochafua shati, kwake kilikuwa kisafi. Kosa hilo asingelifanya mwashi wala dereva. Lilimngoja yeye aliyeijua kazi yake vizuri.

Masika yaliyopita shule zilifungwa. Binti yake, ambaye ni msusi kwenye saluni ya ng'ambo ya pili ya mji, alimleta mtoto wake wa miaka saba akae kwa bibi mpaka zifunguliwe. Mtoto huyo nyumbani wanamwita Chiriku, kwa sababu akifungua mdomo asubuhi haufungi mpaka usingizi uufunge.

Siku hiyo mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Kibanda cha wakati huo kilikuwa cha maturubai, kikavuja, na mezani kulikuwa na mashati meupe ya wahudumu wa hoteli moja, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Mama Pasi akahamia chumbani na meza yake.

Tumtendee haki: hakuliingiza jiko likiwa na moshi. Alilisimamia barazani, mgongo wake ukilowa, mpaka uzi wa mwisho wa moshi ukakatika. Ndipo akaliingiza, jekundu na safi, na moyoni akajiona mwangalifu kuliko wanawake wote wa mtaa ule.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kadibodi ili mvua isirukie kitanda. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, akachukua gunia na kuliziba pengo. Chumba kikawa na joto zuri.

Chiriku alikuwa amejilaza kitandani, akihesabu mashati na kuuliza.

"Bibi, hili la nani? Mbona tumbo lake kubwa hivi?"

"La meneja. Usimcheke, ndiye anayetulisha."

"Sasa kama anatulisha, mbona tumbo kubwa ni lake na sisi hatuna?"

Mama Pasi alicheka mpaka pasi ikasimama. Hadi leo akiisimulia sehemu hii huanza kwa kucheka, halafu hupuliza pasi isiyohitaji kupulizwa.

Baada ya muda mtoto akasema, "Bibi, kichwa kinaniuma."

"Umecheza sana. Lala kidogo, mvua ikikatika nitakuamsha."

Mtoto akalala. Chumba kikawa kimya, na bibi akashukuru kupata utulivu wa kumalizia kola.

Miguu yake ilianza kuwa mizito, akasema ni uzee. Tumbo likachafuka, akakilaumu chakula cha mchana. Kichwa kikawa kama kimefungwa kwa kamba, akasema ni hali ya hewa. Mtu mzima hakosi pa kusingizia. Anakumbuka aliegemea meza apumzike kidogo tu, mkono ukiwa bado juu ya pasi. Hakumbuki zaidi.

Kilichofuata anakisimulia fundi viatu.

"Nilisikia harufu ya nguo inaungua. Nikacheka peke yangu. Huyu mama ananisimanga kila siku, ooh Fundi umeshona kisigino upande, ooh Fundi kiatu chako kinaangalia mashariki. Na hajawahi kuunguza hata leso. Nikasema leo ni zamu yangu."

Akainuka, maneno ya kejeli yakiwa tayari mdomoni. "Hodi! Mama Pasi, leo unanyoosha au unabanika?" Kimya. Akasukuma mlango, ukakataa kwa sababu ya lile gunia. Akaupiga bega.

Mama Pasi alikuwa sakafuni ameegemea mguu wa meza, macho wazi, hajibu. Pasi ilikuwa imezama kwenye mgongo wa shati, na shati lilikuwa jeusi, linafuka. Mtoto alikuwa kitandani.

"Nilimwita, nikamtikisa," anasema Fundi, na hapo huwa hamwangalii mtu usoni. "Kichwa kikawa kinakwenda huku na huku kama cha mwanasesere."

Alimbeba mtoto akamtoa nje kwenye mvua, akarudi kumburuta bibi yake. Watu wakajaa uani. Mmoja akasema wamekula sumu, mwingine akasema njaa. Mwenye duka la pembeni akatoa gari lake la kubebea mizigo, wakapelekwa hospitali wote wawili chini ya turubai.

Sikia hapo, mzazi mwenzangu. Moto ule safi ulikuwa unawaua kimyakimya, na kilichowaokoa ni moshi wa shati lililoungua. Fundi asingekuwa na hamu ya kumcheka jirani yake, leo pangekuwa na makaburi mawili.

Hospitalini walivalishwa barakoa za oksijeni. Mama Pasi alizinduka kwanza. Muuguzi wa zamu alipomwambia ni mkaa, alibisha kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka.

"Dada, mimi nimenyoosha kwa mkaa zaidi ya umri wako! Hapakuwa na moshi!"

"Ndiyo maana hukutoka nje, mama," muuguzi akamjibu.

Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na kumweleza, na Mama Pasi ameyashika maelezo yale kuliko sala zake. Mti ukichomwa kwa kunyimwa hewa, maji yake yanatoka, moshi wake mwingi unatoka, na kinachobaki karibu chote ni kaboni. Huo ndio mkaa. Masizi ya sufuria ni kaboni. Ncha nyeusi ya penseli ni kaboni. Hata almasi inayovaliwa na matajiri ni kaboni.

"Almasi?"

"Almasi, mama. Ni ndugu wa tumbo moja, wamelelewa tofauti tu."

Mama Pasi akavitazama vidole vyake vyeusi. "Kumbe miaka yote nimevaa mali."

Muuguzi akacheka, akaendelea. Kaboni ikiungua hushikana na oksijeni ya hewani. Penye hewa ya kutosha, chembe moja ya kaboni hushika oksijeni mbili, ikawa kaboni dioksaidi, ileile tunayoitoa puani. Penye hewa haba, chembe nyingi huambulia oksijeni moja moja. Hiyo sasa ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho, haikereketi koo. Hata jiko la nje huitoa, ila nje upepo unaitawanya. Chumbani inabaki na wewe.

"Sasa inauaje kitu kisichonusika?"

"Wewe unashona vifungo vya wateja?"

"Vikikatika, nashona."

"Basi. Damu yako ina matundu ya kubebea oksijeni. Oksijeni ni kifungo cha saizi yake, kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, ndivyo mwili unavyopata pumzi. Hii nyingine ni kifungo kinachoingia kwenye tundu lilelile na kugoma kuchomoka. Kinang'ang'ania zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni yenyewe. Matundu yakishajaa, utavuta hewa kama kawaida na mwili utakufa kwa kukosa hewa. Na mtoto anapumua haraka kuliko sisi, mwili wake mdogo. Yeye hutangulia."

Mama Pasi akauliza juu ya ule moto wa buluu.

"Ndiyo hiyo monoksaidi yenyewe ikiungua," muuguzi akasema. "Ukiuona, ujue inatoka. Na moto ule ukizimika ukabaki wekundu mtupu, ujue bado inatoka, sasa haiungui, inakuja kwako."

Tuliofundishwa kwamba beseni la maji likiwekwa chumbani linanyonya ubaya wa mkaa, muuguzi anasema beseni hilo ni la kunawia tu. Tunaofukia makaa kwa majivu ili yalale hai mpaka kesho, na jiko tukaliweka karibu na kitanda cha mtoto, tunaunyima mkaa hewa, na mkaa ulionyimwa hewa ndio unaotoa sumu nyingi zaidi. Dirisha lililofunguliwa kidogo si ngao. Jiko la mkaa mahali pake ni nje, mvua inyeshe, baridi iume. Mtu akiumwa kichwa penye mkaa, usimpe kidonge, mtoe nje na umpeleke hospitali.

Na wewe unayesoma hapo ulipo, kama jiko liko ndani, kalitoe sasa hivi na ufungue mlango, kisha urudi. Habari hii itakusubiri.

Chiriku alifumbua macho kesho yake. Kwa majuma kadhaa alikuwa anasahau vitu, anaingia chumbani na kuuliza amefuata nini, halafu akapona. Shukrani kwa Mungu. Lakini kilichovunjika kati ya mama na binti yake siku ile hakikuwa na barakoa ya kukivalisha.

Binti alifika hospitali akiwa na mafuta ya nywele za watu mikononi. Hakupiga kelele hata aliposimuliwa yote. Mama Pasi anasema afadhali angepiga.

"Alikwambia kichwa kinamuuma," binti akasema taratibu. "Ukamwambia alale."

Binti akamchukua mwanawe, na tangu siku hiyo Chiriku hajakanyaga uwanja wa bibi yake.

Nenda chumbani kwa Mama Pasi siku yoyote utaona upweke ulivyo na mpangilio. Kikombe kimoja, sahani moja, kiti kimoja. Kitanda kina mito miwili, mmoja umechakaa na mwingine umejaa. Mashati ya wateja yaliyokwisha kunyooshwa yametundikwa kwenye kamba, yamejipanga kama wageni waliokuja msibani na hakuna anayeanza mazungumzo.

Yeye ndiye anayeanza. Jirani zake wamezoea kumsikia. "Shikamoo, mwalimu," huliambia shati lenye wino mfukoni. "Na wewe bwana mdogo, kola hii unaifutia mdomo?" Akimaliza hungoja kidogo, kwa mazoea, kama mtu aliyewahi kujibiwa.

Akimpigia binti simu, hupata jibu lilelile: "Nina mteja, Mama." Mara chache mtoto huiwahi simu mama yake akiwa bafuni. "Bibi, umekula?" huuliza kwa sauti ya chini. Na bibi hujibu amekula, hata kama hajala, maana kumpikia mtu mmoja nako kunataka moyo.

Fundi humshauri asichoke. "Mpigie, ni mwanao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Ndiyo hivyo. Na yeye ni mzazi."

Kazi ya hoteli ilikwenda na lile shati. Wateja wengine walipungua alipoweka kibanda kisicho na ukuta, kwa kuwa nguo hulowa, na mteja hataki kusikia habari za kaboni. Watoto wa mtaa wamempachika jina jipya, Mama Hewa, kwa sababu hawezi kumpokea mtu nguo bila kumuuliza, "Jiko lenu linalala wapi?" Wengine hujibu. Wengine humwambia anyooshe nguo, maisha yao wayanyooshe wenyewe.

Leo hii, mvua ikiwa imeshika kasi na Mama Pasi akiwa bado juu ya ndoo yake, mama kijana wa chumba cha mwisho anatoka barazani. Amehamia mwezi huu, ana mtoto mchanga mgongoni. Anaegesha sufuria chini, anainua jiko lake la mkaa linalowaka, analiingiza ndani. Anarudi, anachukua sufuria. Mlango unafungwa.

Mama Pasi ameshasimama. Anakatisha uwanja kichwa wazi, anagonga na kuingia bila kungoja kuitikiwa. Mara anatokea akiwa ameshika jiko kwa matambara, uso ameugeuzia pembeni kukwepa joto.

"We mama una nini? Hilo jiko langu!"

"Ni lako. Nakutolea tu nje."

"Chakula changu hakijaiva!"

"Kitaivia hapa barazani."

"Mtoto anasikia baridi!"

"Baridi ina blanketi, mwanangu."

"Kwani kuna moshi? Moshi umekwisha! Huoni mkaa umekuwa mwekundu?"

Mama Pasi anasimama pale pale. Mvua inamtiririka shingoni na jiko linalia chichichi kila tone linapoanguka.

"Hayo ni maneno yangu," anasema polepole. "Mimi ndiye niliyekuwa nayasema. Nitukane upendavyo, lakini jiko hili kama linarudi ndani, nipishe na mimi niingie nalo, nimshike huyo mtoto mpaka utakapoona kilichonipata mimi."

Mama kijana anamvuta mwanawe mgongoni akamkaza vizuri. "Basi liache hapo ukutani," anasema, bado amenuna. "Usinimwagie makaa."

"Mama, utaungua mikono."

Sauti imetoka getini. Binti amesimama pale na mwavuli, na kwa jinsi viatu vyake vilivyolowa, amesimama muda.

Mama Pasi analitua jiko barazani. Anafuta viganja kwenye nguo. Hajui aanzie wapi, basi anaanzia penye desturi yake. "Umekuja kwa mguu?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Wanakwenda chini ya bati. Binti hakai. "Mtoto hanipi raha," anasema, akiangalia pasi. "Kila siku Bibi, Bibi, Bibi. Nimechoka kumdanganya." Halafu, bila kuomba ruhusa, anaingia chumbani.

Mama Pasi anabaki nje, kama mpangaji anayekaguliwa na mwenye nyumba. Anasikia kitanda kikisogezwa. Anasikia kiti, kisha kapu la nguo. Binti anainama nyuma ya mlango, anapitisha kidole sakafuni, anakitazama, anakinusa. Hakuna jivu. Anatoka.

"Kadibodi ya dirishani uliitoa lini?"

"Siku niliyotoka hospitali."

"Na mvua ikinyesha hivi?"

"Inaingia."

"Unalala wapi?"

"Upande wa ukutani. Nimezoea."

Binti anaukunja mwavuli na kuukunjua tena. Fundi, ambaye amejificha nyuma ya mlango wake wazi, hata nyundo haigongi.

"Akikwambia kichwa kinamuuma?" binti anauliza.

"Hatamaliza kusema," anajibu Mama Pasi. "Tutakuwa tuko nje."

Binti anamwangalia mama yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Jumamosi nitamleta. Mchana tu, Mama. Mambo ya kulala, bado."

"Mchana tu," Mama Pasi anadakia upesi, kama mnunuzi anayeogopa bei isije ikapanda.

Binti anaondoka bila kukumbatiana naye. Lakini mwavuli ameuacha umeegemea nguzo, na yeye anakatiza mvua akiwa amejifunika mkoba kichwani.

Mipango ya Mama Pasi haina makuu. Jumamosi hatanyoosha nguo ya mtu na hatawasha kaa hata moja. Watakula mkate na ndizi mbivu, na chai atainunua kwa jirani. Amemwomba mwenye nyumba atoboe matundu ya hewa juu ya mlango, naye amemwambia atoboe kwa gharama zake mwenyewe, hivyo ameanza kuweka akiba kidogo kidogo. Anatumaini likizo moja, si lazima ijayo, binti yake atamwambia mtoto anaweza kulala.

"Mchana tu?" Fundi anachungulia, ameshindwa kujizuia. "Jamani. Hiyo si ziara, hiyo ni kuonja chumvi."

"Wacha nionje," anasema Mama Pasi, na kuinamia pasi yake.